Aliyeliruka Jina Langu

Kwa muda mrefu nimekuwa nikikana jambo moja, na nimelikana hadharani, kwenye kipaza sauti, nikiwa nimevaa nguo nzuri. Kila ninapoalikwa kuzungumza juu ya uandishi, hakosekani mtu wa kuniuliza Kiswahili changu nilikitoa wapi, mimi Msukuma wa Mwanza. Nami hujibu kwamba nilikipata kwa marehemu baba yangu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi. Watu hulipenda jibu hilo. Lina vumbi la chaki na mwanga wa chemli ndani yake, na mara nyingi hufuatiwa na makofi. Ukweli ni kwamba baba alifundisha hesabu, na nyumbani alizungumza kana kwamba maneno nayo yalikuwa ya mgao, kama sukari ya siku zile. Kiswahili changu nilikipata kwa mama yangu wa kambo, mwanamke ambaye hakunipenda, ambaye sikumpenda, na ambaye hakuwa na nia yoyote ya kunifundisha chochote.

Kilichonifumbua mdomo ni samaki. Hivi karibuni nilikuwa upande wa Kamanga nikisubiri kivuko cha kurudi mjini, nikanunua kipande cha sato kwa mama mmoja anayekaanga karibu na gati. Akakikamulia limau, lakini kwa uchoyo. Harufu ya limau juu ya mafuta ya moto ikanipanda puani, nikafungua mdomo nimwombe aongeze.

"Niongezee kichachu, mama."

"Nini?"

"Kichachu."

Akanitazama, kisha akamgeukia mwenzake wa ndizi za kuchoma. "Huyu katokea wapi huyu?"

Nilisimama pale na shahada zangu na samaki wangu, nimeona haya kama mtoto. Sikuwa nimelitamka neno hilo tangu utotoni, na kwa maana ya limau silijui katika kamusi yoyote. Lilikuwa neno la mama wa kambo. Alilitengeneza mwenyewe, jikoni kwetu Mabatini, ili asilazimike kusema limau.

Nilikuwa nimeanza shule tu mama yangu mzazi alipofariki. Baba akakaa na ukimya wake muda fulani, kisha akapelekwa Mbeya kwa kozi ya walimu, na aliporudi alikuwa na begi lake lile lile na mwanamke wa Tukuyu. Alikuwa mrefu, na kijana kiasi kwamba nikipiga hesabu leo naona soni: alikuwa mdogo kuliko alivyo sasa mwanangu wa kwanza. Lakini mtoto hahesabu umri wa mtu mzima. Mimi niliona tu mtu amesimama mahali pa mama yangu, ameshika mlango kwa mkono kama anayeupima.

"Limi," baba akasema, "msalimie mama."

"Shikamoo, mgeni," nikasema.

"Marahaba," akajibu. Hakuuliza jina langu, na hakulirudia ingawa alikuwa amelisikia.

Limi lilikuwa jina langu la nyumbani. Baba alilikata kutoka jina la baba yake, Malimi, aliyekuwa akiishi Misungwi na ng'ombe wake. Nilikuwa na jina la ubatizo pia, Veronika, ambalo lilitumika kanisani, shuleni na kila mahali palipohitaji heshima kidogo. Nilikuwa basi na majina mawili mazuri, na yule mwanamke hakutumia hata moja.

Vita vilianzia kwenye chakula. Bibi wa Misungwi alitutumia michembe, viazi vilivyokatwa vipande na kuanikwa juani, ambavyo kwetu ni chai, ni chakula cha mchana, na ni kumbukumbu ya mama yangu. Mama wa kambo alichukua kipande, akakigonga kwenye meza kikalia kama kigae. "Hivi vikauko vyenu mnavila na meno ya nani?" akauliza. Vikauko. Nililia kwa hasira, nikakataa kula ndizi zake alizozipika kwa nyama, nikanuna siku nzima, na jioni akanipa jina. "Wewe Mnunaji, lete maji." Kuanzia hapo nikawa Mnunaji. Nami, nikiwa nimelala kitandani nimeuma shuka, nikalipindua neno lake nione limetengenezwaje. Anayenuna, mnunaji. Basi anayehamia kwenye nyumba ya watu? Nikamwita Mhamiaji. Sikumwita mbele yake, ila nilihakikisha anasikia. Yeye akajibu kwa mdokozi, kwa sababu ya vidole vyangu kwenye sufuria, na mchongezi, kwa sababu ya maneno niliyompelekea baba. Mimi nikamwita mnyimaji. Hatukupigana kwa mikono hata siku moja. Tulirushiana viambishi.

Lakini kulikuwa na jambo jingine, la ajabu zaidi, ambalo majirani waliligundua kabla yangu. Mama wa kambo aliruka maneno. Angekuwa anazungumza vizuri kabisa, kisha angesita ghafla kama mtu aliyefika kwenye dimbwi, angeinua mguu, na angetua upande wa pili na neno lisilotarajiwa. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu, yeye alimwita Mfundishaji. Mlima aliuita mwinuko. Watu wa mashambani hawakulima, walitifua, nao walikuwa watifuaji. Hakusema elimu, alisema masomo. Hakunituma kumsalimia mtu, alinituma nikamjulie hali. Nilipoungua na uji alinishika kidevu, akaniambia nitoe nje kionjeo changu akione. Ilinichukua muda kuelewa kwamba alitaka ulimi.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mama mmoja wa Kiislamu, mpika maandazi, ambaye mama yake aliletwa Mwanza kutoka pwani na reli. Binti yake wa kwanza aliitwa Halima, na kwa hiyo yeye alikuwa Mama Halima kwa kila mtu, isipokuwa kwetu. Mama wa kambo alimwita "mama wa maandazi". Mara ya kwanza jirani alicheka. Mara ya tatu au ya nne aliweka karai chini.

"Hivi wewe dada, mimi sina jina?"

"Unalo, mama."

"Basi niite. Nimemzaa Halima mimi. Sikuzaa maandazi!"

"Nisamehe, mama wa... nisamehe, jirani."

"Au kwa kuwa sisi ni Waislamu? Sema!"

"Hapana, mama. Nakuheshimu sana."

"Heshima gani ya kuniita chakula?"

Nilikuwa nimekaa kwenye jiwe nyuma ya nyumba, moja ya yale mawe makubwa ya Mwanza ambayo nyumba zetu zimeegemea, nikisikiliza kwa furaha kubwa. Ndipo likanijia. Halima. Nikalirudia polepole. Ha-lim-a. Kisha nikaanza kukusanya maneno yote aliyoyaruka, moja baada ya jingine, nikiyaweka juu ya jiwe kama mtu anayechambua mchele. Mwalimu. Mlima. Kulima. Elimu. Kusalimia. Ulimi. Limau. Na katikati ya kila neno, kama punje ile ile, nilijikuta mimi. Limi. Lim.

Nilihakiki kwa siku nyingi, na kwa umakini ambao sijaurudia hata nilipoandika tasnifu. Niligundua kwamba hakuruka kila sauti ya namna hiyo. Alisema "nilimwona" na "alimpa" bila kusita, kwa kuwa pale ile "li" na ile "m" ni wapita njia tu, zimekuja kufanya kazi na zitaondoka. Alichokwepa ni neno ambalo sauti ile imekaa ndani yake na haibanduki. Hivyo ndivyo nilivyojifunza mzizi ni nini na kiambishi ni nini, miaka kadhaa kabla ya kufundishwa darasani, na bila mtu kunieleza. Nilijifunza kwa kumchunguza adui.

Na nilifikia uamuzi ambao mtoto mwenye akili timamu hangeweza kuukwepa. Mwanamke huyu hanipendi kiasi kwamba hawezi kunitamka. Na si kunitamka tu: amepita katika Kiswahili chote akinitoa, popote nilipojificha. Ameniondoa kwenye milima, ameniondoa mdomoni mwake mwenyewe. Hata Halima maskini, asiye na kosa, anaadhibiwa kwa kunibeba.

Sina hakika kama kuna mtu amewahi kunipa umuhimu mkubwa kuliko huo.

Nikaanza kumtegea. Ningeingia jikoni na limau mkononi. "Mama, hiki kinaitwaje?" Angesema kichachu, na angeniambia nikikate. Ningeonyesha kwa kidole vilima vya upande wa Nyakato. "Vile je?" Viinuko. "Na ulimwengu?" Hapo hata sikuona aibu, nililisema tu neno lenyewe nikamkazia macho. "Dunia," akasema. "Sasa kaoshe vyombo vya dunia hii." Kadiri alivyokwepa ndivyo nilivyojifunza kukisia atakapotua. Nilikuwa najua kabla yake. Nikisikia anakaribia neno la hatari, tayari ndani ya kichwa changu nilikuwa nimeshika kitenzi, nimekipachika kichwa na mkia, nimepata kisawe, na mara nyingi alitua pale pale nilipomtangulia. Ilinikasirisha kwamba tulifikiri sawa.

Kisha babu akaja kutoka Misungwi. Alikuja bila taarifa, kama alivyokuja daima, na fimbo yake na kuku aliyefungwa miguu. Mama wa kambo alikuwa anapeta mchele mlangoni. Aliposikia sauti yake njiani aliacha ungo palepale, akajifunika kanga kichwani mpaka puani, akapita mlango wa nyuma akapotelea kwenye mawe. Hakurudi kutwa nzima. Chakula alikipika nje, nyuma ya jiwe, na mimi ndiye niliyetumwa kukipeleka.

"Huyu mke wako," babu akamwambia baba, kwa Kiswahili chake ambacho hakikuwahi kupatana na herufi "r", "ananikimbia kama ameona fisi. Mimi ni fisi?"

"Hapana, baba."

"Basi aje anikalibishe."

"Ni mila za kwao, baba."

Babu akacheka mpaka akakohoa. "Mila za kukimbia! Watu wa wapi hao?"

Neno lile "mila" lilipita masikioni mwangu kama linavyopita neno lolote la wakubwa. Baba alikuwa na uwezo wa kueleza sehemu za namba kwa darasa zima la watoto wenye njaa, lakini hakuona sababu ya kugeuka na kumweleza binti yake mwenyewe kilichokuwa kinatokea nyumbani kwake. Nilielewa nilivyotaka. Anatudharau ukoo mzima, nikasema moyoni. Sasa hata babu.

Mambo yalifika kilele siku ya wazazi. Shuleni kwetu palikuwa na mashindano ya Kiswahili: mwalimu aliandika maneno ubaoni, nasi tukaandika visawe vyake, vingi kadiri tulivyoweza. Nilishinda kwa mbali. Mwalimu wa Kiswahili aliita wenzake ofisini waje wamwone mtoto aliyeandika "mwinuko", "mfundishaji" na "mtifuaji" bila kutua, ingawa kwenye "kionjeo" aliweka alama ya kuuliza. Kwa desturi ya shule ile, mshindi hakutangazwa na mwalimu. Mzazi wake alisimama na kuita jina kamili la mtoto kwa sauti kubwa, kisha mtoto alitoka mbio katikati ya watu kwenda kupokea zawadi. Tulilala tukiota mbio hizo.

Baba alikuwa amepelekwa Sengerema kusimamia mitihani. Akaja yeye. Wakati huo alikuwa mjamzito, mimba imeshajionyesha chini ya kanga, na alikaa safu ya mbele mgongo wima. Wazazi wakasimama mmoja mmoja. Waliita kwa majivuno, wengine waliongeza na jina la babu wa babu, na watoto wakaruka kama mbuzi waliofunguliwa. Ikafika zamu yetu.

"Mshindi wa Kiswahili," mwalimu mkuu akasema. "Mama mzazi, simama umwite mwanao."

Akasimama. "Naomba mtoto wangu atoke," akasema.

"Mwite kwa jina, mama."

"Anajijua."

Watu wakaanza kucheka. Mwalimu mkuu naye akacheka, akidhani mama anaona haya. "Jina lake tu, mama. Lote, tulisikie."

Alinitafuta kwa macho mpaka akanipata. Niliona midomo yake ikifunguka, na kwa muda mfupi nikaamini kwamba atasema. Mguu wangu mmoja ulikuwa tayari umetangulia.

"Yule pale," akasema. "Mwenye kununa."

Uwanja mzima ukalipuka. Nyuma nikasikia sauti ya Mama Halima: "Msimsumbue! Hata la mwanangu halijui huyo!" Sikuondoka nilipokaa. Mwalimu mkuu alilazimika kuja mwenyewe, akanishika mkono, akanipeleka mbele, akaniita kwa jina langu lote yeye mwenyewe ili tu yaishe, nikapewa beseni la bluu. Kisha, kwa wema, akajaribu kuokoa shughuli.

"Haya, waambie wazazi. Nani amekufundisha maneno mengi namna hii?" Na mkono wake ukaelekea kule mbele, kwa yule mwanamke aliyekuwa bado amesimama.

"Baba," nikasema.

"Na mama je?"

"Mama hajui Kiswahili."

Watu walicheka tena, safari hii kwa sauti ya chini, ile sauti ya watu wanaojua kwamba hawakupaswa. Akakaa. Akaifunga kanga yake upya, polepole, kama mtu aliye peke yake chumbani.

Tukarudi nyumbani. Nilibeba beseni kichwani, yeye akatangulia. Tulipofika mlangoni ndipo nikapasuka.

"Kwa nini hukuniita?"

Aligeuka. Alikuwa ameweka mkono tumboni. "Unataka mwanangu afe?"

Nilikuwa na beseni kichwani na nilihisi kwamba nikitikisika kidogo litaanguka. Nilichoelewa kilikuwa wazi kabisa: jina langu huua watoto. Mdogo wangu Atupele alipozaliwa, kwa muda mrefu sikuthubutu kumkaribia. Nilikuwa nikipita mbali na kitanda chake, na mama wa kambo, aliponiona nikipita mbali, alimvuta mtoto karibu zaidi na kifua chake. Naamini sote wawili tuliona kwamba tumethibitisha jambo.

Nilikwenda shule ya bweni, kisha Dar es Salaam, chuo kikuu. Siku moja nikiwa ukumbini, nusu nimesinzia, mhadhiri akaanza kueleza jinsi lugha inavyobadilika kwa miiko. Akatoa mfano wa Wanyakyusa, watu wa Tukuyu. Kwao, akasema, mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake. Wala hatamki neno lenye sauti ya jina hilo. Hutafuta neno jingine, na akilikosa hulitengeneza. Hatakiwi pia kukutana na mkwe huyo uso kwa uso, humpisha na kujificha. Akiukiuka mwiko, inaaminika balaa litamfika yeye au mtoto aliye tumboni. Wengi wa siku hizi wameuacha, akaongeza, na wanaoufuata huufuata zaidi katika Kinyakyusa chenyewe.

Kalamu yangu ilikuwa imesimama. Malimi. Hakuwa akiniruka mimi. Alikuwa akimruka babu, na aliubeba mwiko wa mama zake mpaka ndani ya lugha ya watu wengine, kwa ukali zaidi kuliko ulivyomtaka, peke yake, Mabatini, mtaa mzima ukimcheka. Mimi nilikuwa nimevaa tu kipande cha jina la mtu mwingine.

Ningekuwa mtu mwema ningempigia simu siku ile ile. Badala yake niliandika insha. Ilikuwa insha nzuri, niseme mwenyewe, yenye huruma nyingi na majuto ya kupendeza. Sikumtaja kuwa ni mama wa kambo, nilimwita "mwanamke mmoja niliyemfahamu". Nimeisoma mahali kadhaa. Watu wamefuta machozi, mimi nimekula chakula cha jioni cha wenyeji, na walipouliza Kiswahili nilikitoa wapi, nikajibu kama kawaida.

Katika insha ile kuna kitu nilikiacha nje kwa makusudi, kwa sababu kingeiharibu. Nilikuwa na jina jingine. Veronika halina hata chembe ya babu. Mwiko haukuligusa. Angeweza kuliita asubuhi na jioni, angeweza kuliita uwanjani siku ile wazazi wote wakisikia, na balaa lolote lisingemfika. Mhadhiri alinieleza kila kitu isipokuwa hilo. Kila niliposoma insha na kufika kwenye msamaha, palikuwa na sauti ya kitoto ndani yangu iliyouliza: na Veronika je? Nami nilipandisha sauti kidogo, nikaendelea kusoma.

Niliporudi kutoka Kamanga na harufu ya limau ikiwa bado vidoleni, nilimpigia Atupele, ambaye bado anaishi Mwanza na ambaye hakufa kwa jina langu. Ana maduka mawili na sauti ya kuamrisha. Babu alikuwa ameshafariki zamani. Baba tulimzika Misungwi, na baada ya mazishi mama wa kambo akarudi kwao Tukuyu na sikumwona tena. Tulikuwa tukitumiana salamu kupitia Atupele, salamu za aina ambayo anayetumwa huzisahau njiani.

"Unataka namba ya mama? Wewe?" Atupele akauliza. "Kuna nini?"

"Nataka kumuuliza kitu cha zamani."

"Haya. Ila usimzungushe. Mama hapendi mtu wa kuzunguka."

Nilipiga mchana. Ikaita sana, kisha ikapokelewa, na nyuma nikasikia kuku na kitu kikichemka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni mimi. Dada yake Atupele."

"Aa. Ndiyo wewe. Kama ni shamba la baba yako, ongea na Atupele, mimi sina habari nalo."

"Siyo shamba, mama. Kuna kitu nataka kukuuliza."

"Uliza. Ndizi zangu ziko motoni."

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na utangulizi wa kuonyesha kwamba najua mila na ninaziheshimu, wenye mizunguko kadhaa ya adabu. Nikaukumbuka ushauri wa Atupele, nikauacha.

"Jina langu la nyumbani hukuweza kulitamka kwa sababu ya babu. Hilo nalijua. La ubatizo mbona hukuniita?"

Nilisikia mwiko ukigonga ukingo wa sufuria. Nilidhani atasema amesahau. Ningekubali. Nadhani hata nilikuwa nimeshaandaa sentensi ya kulipokea jibu hilo.

"Atupele anasema unaandika vitabu," akasema.

"Kidogo."

"Na hilo hukulijua?"

"Nililijua. Nataka nilisikie kwako."

"La babu yako nilikatazwa," akasema. "La padri nilikunyima mwenyewe."

Akaendelea, bila hasira, kama mtu anayemwelekeza mwenzake njia.

"Ulikuwa unanitazama kila siku kama unasubiri gari lije linirudishe. Nikasema, huyu na yeye nimnyime kitu. Ningekunyima chakula, baba yako angeona. Ningekupiga, jirani angesikia. Jina hakuna aliyeona. Baba yako hakuona hata mara moja."

"Mimi niliona."

"Nilijua unaona. Ningekunyima kwa nini kama huoni?"

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Nilikuwa nimengoja nihisi uchungu, na kilichonijia kilikuwa kama nafuu. Nilikuwa sahihi. Yule mtoto wa juu ya jiwe alikosea kuhusu milima, kuhusu limau na kuhusu Halima, lakini kwenye jambo lenyewe alikuwa amesoma sawasawa, na mimi nilikuwa nimetumia elimu yangu yote kumnyamazisha.

"Na sasa?" nikauliza.

"Sasa nini?"

"Sasa ungeniita?"

"Nikuite wapi?" akasema. "Toka tumzike baba yako hujaja hapa hata siku moja."

Nikasema ni kweli.

"Najua ni kweli," akasema, akakata simu.